RAGA YA WANAWAKE: NANI ALIWARUHUSU?

Leo mada ni ndefu kidogo, naomba mnivumilie. Kama hapo kafe umebakiwa na dakika kumi tu, soma vipande viwili vitatu halafu urudi kesho umalizie, haitakimbia.

Mimi ni binti wa Mbegani. Nimemaliza kidato cha nne, mambo ya chuo bado yanasubiri hela. Wengi mkisikia Mbegani mnakumbuka chuo cha uvuvi na zile habari za bandari. Sasa naongeza la tatu: kuna wasichana tisa tunacheza raga mchangani. Siyo utani. Kuna mgeni mmoja alikuja kutembea akatuachia mpira, umechongoka huku na huku kama papai, nasi tukaanza kuchezea tu. Uwanja hatuna, ila siku za bamvua, saa nne mpaka saa sita hivi, maji yanakupwa mbali kabisa na unabaki mchanga bapa, mgumu. Tunachora mistari kwa kisigino, tunacheza mpaka maji yanarudi.

Bamvua iliyopita akapita bi mkubwa mmoja anatoka kuchokoa pweza. Tukasimama, "Shikamoo bi mkubwa." Akaitika, akauangalia ule mpira, akatuangalia sisi tulivyojaa mchanga mpaka masikioni. Akasema, "Nyie, mchezo huu nani kawaruhusu?" Kimya. Akauliza tena, "Haya, na mkivunjika mguu, nani atalipa?" Kimya zaidi. Akachukua ndoo yake akaenda zake.

Siku iliyofuata tulikuja watano kati ya tisa.

Basi mimi nikapanda gari mpaka Bagamoyo mjini, nikalipia saa mbili za intaneti, nikatafuta majibu ya maswali mawili ya yule mama. Haya ndiyo niliyoyapata.

KWANZA, RAGA NI NINI

Kwa wale ambao hawajawahi kuiona. Mpira unaubeba mikononi na kukimbia nao. Kwa mkono huruhusiwi kumpasia mwenzako aliye mbele yako, pasi lazima iende pembeni au nyuma. Kwa mguu unaweza kupiga mbele. Adui anaruhusiwa kukukamata na kukuangusha, lakini siyo kukukaba juu ya mabega, hilo ni kosa kubwa. Ukifanikiwa kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, hiyo inaitwa trai, ni pointi 5, na unapata nafasi ya kupiga teke la kuongeza 2.

Ziko aina mbili kubwa. Ile ya wachezaji 15 kila upande, dakika 80. Na ile ya wachezaji 7, dakika 7 kila kipindi, ambayo ndiyo ya Olimpiki. Kwetu Tanzania raga imezoeleka zaidi Dar na Arusha, huku pwani ukitaja raga watu wanadhani unazungumzia mieleka.

MWANAFUNZI WA LONDON, 1978

Sasa tuje kwa mama mmoja anaitwa Deborah Griffin. Mwaka 1978 alikuwa mwanafunzi pale University College London. Wasichana wa chuo wakaamua na wao wacheze raga, mchezo ambao Uingereza ulikuwa wa wanaume kabisa. Griffin akawa mmoja wao.

Angeweza kucheza akafurahi, akamaliza chuo, akaolewa, yakaisha. Ila kumbe timu moja haiwezi kucheza peke yake! Ukiwa na timu unahitaji timu ya pili. Zikiwa mbili mnahitaji ratiba, refa, uwanja, na mtu wa kuandika barua. Mwaka 1983 wanawake wa vyuo na klabu wakaunda chama chao wenyewe cha raga, na Griffin alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Hawakusubiri chama cha wanaume kiwafungulie mlango.

Baadaye akawa klabu ya Richmond, London. Na hapo ndipo likaja wazo lililonifanya nimpende huyu mama. Wanaume walikuwa wamepata Kombe la Dunia la raga kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Griffin na wenzake watatu wa Richmond, Alice Cooper, Sue Dorrington na Mary Forsyth, wakaulizana: na sisi je?

Walikuwa wanawake wanne tu. Kazi yote waliifanya kwa muda wao wa ziada, bila mshahara. Waliandika barua kutafuta mdhamini mkubwa, hakupatikana. Bodi ya kimataifa ya raga ya wakati huo haikuyapa mashindano baraka. Wakaziambia nchi ukweli: nauli mtajilipia, malazi mtajilipia, sisi tutawapa viwanja, ratiba na marefa.

Mwe! Mimi nilipofika hapo nilidhani hawakuja watu. Wakaja. Timu 12! Tarehe 6 hadi 14 Aprili 1991, nchini Wales, Kombe la kwanza la Dunia la raga ya wanawake likachezwa.

WARUSI WALIKUJA NA VODKA

Hiki kipande watu wa Mbegani mtakipenda. Muungano wa Kisovieti wakati ule ulikuwa unaelekea kuvunjika, na fedha yao ilikuwa haibadilishiki nje. Wachezaji wao wakafika Wales bila hela ya matumizi. Badala yake walibeba mizigo ya vodka, wanasesere wa mbao, na mayai ya samaki, yale ya bei mbaya wanayoita caviar. Mpango ulikuwa wauze wapate hela ya kula. Kumbe watu wa forodha wakasikia, wakaja kuwahoji. Wenyeji wa Wales waliposoma habari hiyo magazetini wakawaonea huruma, wakawapa chakula na msaada, na timu ikacheza.

Sisi huku mwanamke kubeba samaki kwenda kuuza ili apate hela ya shughuli yake siyo habari mpya. Wale wasichana wa Kisovieti wangefika hapa sokoni wasingeshangaza mtu.

Fainali ilichezwa Cardiff Arms Park. Marekani wakawafunga England 19-6. Na Sue Dorrington, yule niliyemtaja kwenye wale wanne, alikuwa uwanjani akiichezea England katikati ya mstari wa mbele wa skramu. Yaani mtu kaandaa mashindano, kaandika barua, kahangaikia hela, halafu kavaa jezi akaingia kucheza fainali. Akafungwa, ndiyo. Lakini fainali yenyewe isingekuwepo bila wao wanne.

MARA YA PILI YALE YALE

Kombe la pili lilipangwa kufanyika Uholanzi mwaka 1994. Bodi ya kimataifa haikutoa baraka tena, Waholanzi wakajitoa ikiwa imebaki miezi michache. Hapo wangesema basi. Wanawake wa Scotland, akiwemo Sue Brodie, wakasema leteni kwetu. Jamani, timu ya wanawake ya Scotland ilikuwa imecheza mechi yake ya kwanza kabisa ya kimataifa Februari 1993 tu! Walikuwa na kama mwaka mmoja wa uzoefu, na miezi kama mitatu ya kuandaa Kombe la Dunia. Wakaliandaa. England wakalipiza kisasi kwa Marekani, 38-23.

Ilipofika 1998, kule Amsterdam, ndipo kombe likafanyika kwa idhini ya bodi ya kimataifa. Yale mawili ya mwanzo yakaja kutambuliwa baadaye na kuingizwa kwenye kumbukumbu rasmi.

Kwa hiyo bi mkubwa, jibu la swali lako la kwanza ni hili: hakuna aliyewaruhusu. Ruhusa ilikuja nyuma ya kazi. Ila msiniseme vibaya, sisemi watu wafanye fujo. Walichofanya wale kina mama siyo ukaidi, walifanya utaratibu. Daftari la majina lilikuwepo, ratiba ilikuwepo, hesabu ilikuwepo, refa alikuwepo. Bodi ilipokuja kuamka ikakuta kitu kimeshakamilika, haikuwa na la kukataa.

Na mwisho wake mnaujua? Mwaka 2025 Deborah Griffin akawa rais wa chama cha raga cha England, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwaka huo huo Kombe la Dunia la wanawake likafanyika England. Fainali, tarehe 27 Septemba 2025 Twickenham, England 33, Canada 13. Watazamaji 81,885. Kutoka wanawake wanne wasiopata mdhamini mpaka uwanja unajaa hivyo, ni miaka 34.

NA KWETU AFRIKA MASHARIKI?

Msije mkasema hayo ni ya Wazungu. Majirani zetu wametutangulia.

Mwaka 2009, mwezi wa tatu, Dubai, wanawake walicheza kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba. Timu zilikuwa 16. Kutoka Afrika zilikuwa mbili tu: Afrika Kusini na Uganda. Uganda hao hao wa hapa jirani! Mwezi wa kumi mwaka huo huo kamati ya Olimpiki ikapiga kura kuingiza raga ya saba kwenye Olimpiki ya 2016. Hii ilibadilisha mambo, maana mchezo ukiwa wa Olimpiki, serikali na kamati za Olimpiki za nchi nyingi zinaanza kuuangalia, za wanawake na za wanaume sawa.

Kenya wakaitumia nafasi. Mwaka 2015 kwenye mashindano ya kufuzu ya Afrika, Afrika Kusini ndio walioongoza, Kenya wakawa wa pili. Lakini kamati ya Olimpiki ya Afrika Kusini ilikataa timu yake kwenda kwa tiketi ya Afrika, ikataka ifuzu kwa njia ngumu zaidi. Nafasi ikaenda kwa Kenya. Wapo waliosema wamebahatika. Mimi nasema bahati inamkuta aliye wa pili, haimkuti aliyebaki nyumbani.

Rio 2016, Kenya walifungwa na New Zealand, Ufaransa na Hispania, halafu na Japani. Mechi ya mwisho wakawafunga Colombia 22-10, wakamaliza wa 11 kati ya timu 12. Wengine walicheka. Michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, wakarudi wakiongozwa na Philadelphia Olando, mmoja wa waliokuwepo Rio. Safari hii wakawafunga Japani, wakamaliza wa 10.

Mwezi wa nane mwaka huo huo 2021, uwanja wa Nyayo, Nairobi, timu ya Kenya ya wachezaji 15 ikacheza na Colombia. Aliyeshinda anaendelea kwenye safari ya kwenda Kombe la Dunia. Kenya walikuwa mbele, Colombia wakapata penalti mwishoni. 16-15. Pointi moja! Nilivyosoma hiyo nilikaa kimya pale kafe mpaka mhudumu akaniuliza kama kompyuta imeganda.

SWALI LA PILI LA BI MKUBWA

Hili swali siwezi kulikwepa, na wanaoandika habari za michezo mara nyingi wanalikwepa. Ukivunjika, nani atalipa?

Mwaka 2012 Aberdeen Shikoyi, nahodha wa timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, aliumia uti wa mgongo katika mechi dhidi ya Uganda. Alilazwa, na mwezi huo huo wa tano akafariki dunia. Alikuwa nahodha, siyo mtu aliyeokotwa njiani asiyejua mchezo. Mungu amlaze mahali pema.

Nilisita kuliandika hili, nikijua mama zetu wakisoma watasema si tulisema. Lakini nikilificha nitakuwa nawadanganya wenzangu. Raga inaumiza. Mpira wa miguu unaumiza, bodaboda inaumiza, raga nayo inaumiza, na shingo na kichwa ndivyo vya kuogopa zaidi.

Ndiyo maana mchezo una sheria kali kuhusu kichwa. Kukaba juu ya mabega ni marufuku. Mchezaji akigongwa kichwa na ikashukiwa ubongo umetikiswa, anatolewa, na kwa wachezaji wa kawaida kama sisi harudi uwanjani siku ile, hata kama anasema yuko safi. Mtu aliyeumia shingo hasogezwi na marafiki, anasubiri anayejua. Na skramu haichezwi na watu wasiofundishwa, maana uzito wote unaishia shingoni.

Sasa nikajiangalia sisi. Tulikuwa tunaangushana mchangani bila mwalimu, bila mtu wa huduma ya kwanza, na siku moja mwenzetu aligongwa kichwa tukamwambia "amka bwana, acha kudeka", akaendelea kucheza. Aibu. Yule bi mkubwa alikuwa sahihi zaidi yetu.

Na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini Griffin ni muhimu kuliko mfungaji yeyote. Mfungaji anaangalia mstari wa goli. Mwandaaji ndiye anayekaa usiku akiuliza gari la kwenda hospitali liko wapi na nani ana namba ya dereva. Kama hakuna mtu wa namna hiyo, wale wasichana wanne walioacha kuja hawakuwa waoga, walikuwa na akili.

TULICHOAMUA MBEGANI

Nilirudi nikawaita wote tisa, wakaja saba. Tukakaa chini ya mkungu, tukaandika kwenye daftari la kurasa 48. Naweka hapa, labda itamsaidia msichana wa Kilwa au Pangani au Mafia anayetaka kuanza.

1. Kuanzia sasa ni raga ya kugusa tu. Ukiguswa na mikono miwili, unasimama, unaachia mpira. Hakuna kuangushana mpaka apatikane mwalimu anayejua kufundisha kuangusha na kuanguka. Raga ya kugusa inafundisha mbio na pasi vizuri tu.

2. Kila mtu aandike jina, namba ya mzazi au mlezi, na kama kaya yake ina bima ya afya au haina. Tuligundua wengi wetu hata hatujui. Hilo peke yake ni somo.

3. Mweka hazina tumemchagua yule mwenzetu anayeuza mihogo, maana hesabu anaijua na hela ya mtu haijawahi kupotea kwake. Kila mmoja anatoa shilingi 500 kwa wiki. Ya kwanza kununua ni vifaa vya huduma ya kwanza, siyo jezi. Tulibishana sana kuhusu jezi.

4. Barua kwa afisa michezo wa wilaya, kuuliza utaratibu wa kusajili klabu. Nimeshaiandika, naiprinti leo hapa hapa. Na barua ya pili kwa chama cha raga cha taifa, kuomba mwalimu hata wa siku mbili.

5. Mavazi. Wengine wamesema mzazi hataki kaptula. Sheria za mchezo haziwazuii kuvaa taiti ndefu ndani ya kaptula na kufunika kichwa kwa kitambaa laini kisicho na pini. Tusimpoteze mtu kwa sababu ya nguo.

Juzi nilikwenda kwa yule bi mkubwa nyumbani kwake, na daftari mkononi. Nilimkuta anapiga pweza kwenye jiwe. Nikamsomea vipengele vyote vitano. Alisikiliza, akauliza, "Na hiyo gari ya hospitali mmeandika wapi?" Kweli, hatukuwa tumeandika. Akanitajia jirani mwenye bajaji, akasema nimwambie katumwa na yeye. Hakusema ameturuhusu. Ila kipengele cha 6 kwenye daftari ni chake.

Wadau, nimemaliza. Nisemavyo mimi, mnaweza kunibishia: huku kwetu vipaji vipo kibao, kinachokosekana ni mtu wa daftari. Wewe unayesoma hapo kafe, labda hujui kukimbia hata kidogo, lakini unaweza kuwa ndiye timu yenu inayemsubiri.

Nina maombi matatu. Kama uliwahi kucheza raga Dar au Arusha, hasa dada zangu, andika hapo chini mlianzaje na mlipata wapi viwanja. Kama unajua huduma ya kwanza na uko karibu na Bagamoyo, bamvua inayokuja tupo mchangani kuanzia saa nne. Na kama unapinga wasichana kucheza raga, pinga kwa hoja, nitakujibu. Matusi sitayaacha.

Muda wangu wa kafe umebaki dakika nne na bado sijaprinti barua. Tuonane kwenye maoni.